Malalamiko ya Katekista wa Tupendane Dhidi ya Mwenyezi Mungu

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Kata ya Ulaya,
Wilaya ya Kilosa.
2 Juni 1975

Kwa Padri Vitalis,
Paroko wetu.

Baba Padri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYEZI MUNGU, NA OMBI LA KUFUTWA JINA LANGU

Utaona nimeanza barua hii bila kumsifu Yesu Kristo. Sikusahau. Nimemsifu mwanzoni mwa kila barua, kila mkutano, na kila nilipopiga hodi mlangoni kwa mtu tangu nilipobatizwa mwaka 1941, na leo nimeona nipumzike kidogo. Natumaini wewe hujambo, na pikipiki yako imekwisha kutolewa tope.

Mimi ni Makarius Mwinshehe, katekista wa kigango hiki kwa miaka kumi na tisa. Najua unanijua, lakini barua hii ni ya kiofisi na huenda ukataka kuifikisha mbele. Ikifika kwa Askofu, tafadhali mweleze kwamba Ulaya ninayoandikia ni hii yetu ya mihogo na ufuta. Mara ya mwisho barua ya kigango hiki ilikaa miezi miwili juu ya meza ya mtu ikisubiri stempu ya ng'ambo.

Katika siasa yetu ya sasa tumefundishwa kwamba kila kiongozi ni lazima ajieleze mbele ya anaowaongoza. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Simoni, alipokosa kufika shamba la kijiji siku tatu mfululizo, aliitwa mbele ya mkutano. Alisimama akaeleza kwamba alikuwa na jipu. Mkutano ukataka kuliona, akalionyesha. Sioni kwa nini Mwingine, mwenye cheo kikubwa kumzidi Ndugu Simoni na asiyeugua majipu, aachwe bila kuulizwa. Kwa hiyo naandika malalamiko yangu kwa namba, kwa utaratibu uleule uliotufundisha wa kupanga dhambi kabla ya kuungama, ila safari hii dhambi si zangu.

1. Kuhusu mahali tulipowekwa.

Hadi mwaka jana tuliishi juu mwinukoni, kila mtu na migomba yake, na jirani yako ulimjua kwa moshi wake. Mwezi wa Septemba walikuja mabwana na Landrova, kamba na vigingi, wakatuambia tushuke bondeni katika siku kumi, tukae kwa mistari karibu na mto Miyombo, ili shule iwe karibu, zahanati iwe karibu, na maji yawe karibu. Shule na zahanati bado tunazisubiri. Hilo la maji lilitimizwa kupita ahadi.

Wale mabwana siwalaumu. Ni binadamu, walikuja wakati wa kiangazi, mto wakauona kama ukanda wa kufungia suruali, wakapiga vigingi, wakaondoka jioni ileile. Lakini Mungu alikuwepo kabla yao na akabaki baada yao. Mto ni wake. Tena alitaarifiwa, maana siku ya kugawa viwanja mimi niliombwa kufungua kwa sala, na wazee wa Kiislamu wakaomba dua kwa upande wao. Alipata taarifa mara mbili, kwa lugha mbili. Hakuna aliyesikia pingamizi.

Mke wangu Yudith hakubishana. Aling'oa mlango wa nyumba yetu, akaubeba kichwani mpaka bondeni, akarudi kuchukua vipande vya mihogo vya kupanda. Jioni ya kwanza alisimama akautazama mto, akaniuliza, "Mwalimu, huu ukijaa unaishia wapi?"

Alizoea kuniita Mwalimu kama wengine, kwa utani, kwa sababu nafundisha dini. Nilimjibu kwamba Mungu hawezi kutuleta mahali halafu atusahau. Naomba uandike jibu hilo pembeni, kwa sababu nilimjibu kwa niaba ya mtu mwingine, na mtu huyo hakulitekeleza.

2. Kuhusu jua.

Vuli haikunyesha. Tulipanda, mbegu zikaliwa na ndege. Tukapanda tena, zikachomoza, zikaungua. Mwezi wa Januari tulikuwa tunapanga foleni kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyotoka kwa watu wanaolisha farasi, na tukauombea baraka kabla ya kuula. Mihogo michache iliyosalia ilifuatwa na tembo kutoka Mikumi. Sina ugomvi na tembo. Ila nataka ijulikane kwamba tembo wale wanalindwa na askari wa mbuga wenye bunduki na gari, na sisi tunalindwa na Malaika Mlinzi, na nani kati yetu alishiba mwaka huu, kila mtu ameona.

Hata hivyo sikulalamika wakati ule. Nilikuwa nawaambia watu wavumilie. Nikikumbuka sauti niliyokuwa nikiitumia kusema hivyo, namshangaa Yudith kwamba hakuwahi kunipiga na mwiko.

3. Kuhusu novena.

Mwezi wa tatu, Magreti, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, alikuja nyumbani na wenzake watatu wakataka tufanye sala ya siku tisa kuomba mvua. Niliongoza mimi. Siku ya tisa ilipita na mbingu nyeupe kama sahani. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikatangaza siku tisa nyingine. Siku ya kumi na sita, Jumatatu ya Pasaka, ikanyesha.

Nilisimama katikati ya uwanja nikalowa kwa makusudi, mikono nimeikunja kifuani kama mwenye mvua. Kwa siku tatu nilikuwa mtu mkubwa Tupendane. Wazee wa Kiislamu walikuja kunipa mkono. Sironga, mfugaji anayechunga ng'ombe upande wa pili wa mto na ambaye hajawahi kuingia kanisani, alileta kibuyu cha maziwa, akasema anampa yule anayesikilizwa. Yudith alicheka, akayachemsha maziwa, akaninong'oneza nisivimbe kichwa, mlango wa nyumba ni mwembamba.

Mvua haikukoma. Naomba ieleweke kwamba tuliomba mvua ya kunyeshea mahindi. Hatukuomba mto. Nimeyapitia tena maneno niliyotumia, neno kwa neno, na ninayo kwenye karatasi. Nilisema "mvua ya kutosha". Kama kuna lugha mbinguni ambayo "kutosha" maana yake ni siku kumi na moja bila kupumua, basi katekista alipaswa kufundishwa lugha hiyo kwenye semina, badala ya kufundishwa kupiga kinanda.

4. Kuhusu Ijumaa ya tarehe 11 Aprili.

Asubuhi hiyo Miyombo uliingia kijijini. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama mgeni anayejua nyumba, ukapita uani, ukaingia jikoni, ukazima moto. Tulikimbilia mwinuko wenye ghala bovu la pamba, kila mtu na alichoweza kubeba. Ndugu Simoni alihesabu watu kwa daftari la kijiji, nyumba kumi kumi. Tulikuwa mia tatu na kumi na wawili, na wote walikuwepo.

Ndipo Yudith alipokumbuka sanduku. Wewe unalijua, lile la bati ulilotuachia, lenye kikombe cha Misa, mavazi yako na madaftari ya kigango. Lilikuwa kanisani, na kanisa letu lilikuwa la nyasi, chini kuliko nyumba zote, kwa sababu kiwanja kizuri kilipewa shamba la mfano. Alishuka kulifuata. Mimi sikumwona akiondoka.

Sanduku lilipatikana jioni hiyohiyo, limenasa kwenye panda ya mti. Yudith alipatikana Jumapili, mbali chini; waliomkuta ni ndugu zake Sironga waliokuwa wakitafuta ndama. Sanduku lilikuwa limezungushiwa kanga yake na kufungwa mafundo mawili. Ndani hata ukurasa mmoja haukulowa. Wakristo walipolifungua walipiga magoti, wakasema ni muujiza.

Nimefikiri sana kuhusu neno hilo, Padri. Ikiwa ule ulikuwa muujiza, basi uwezo ulikuwepo. Ulikuwepo pale pale mtoni, saa ileile, na ulitumika kuokoa kikombe.

Katika watu mia tatu na kumi na wawili alikufa mmoja. Jumapili iliyofuata mtu alisimama kwenye ibada akamshukuru Mungu kwa kutuokoa sote. Alisema "sote". Nilikuwa mstari wa mbele.

5. Kuhusu wafariji.

Mimi mwenyewe nimefariji wafiwa kwa miaka kumi na tisa, na sasa ndipo nimeonja nilichokuwa nikiwapikia watu. Naomba radhi kwa kaya zote, na orodha naweza kuileta.

Magreti alikuja siku ya kwanza na ya pili na ya tatu. Alinishika bega akaniambia, "Mwalimu, usilie sana. Mungu amempenda zaidi." Magreti, mimi nimempenda Yudith miaka ishirini na miwili na sikuwahi kumtia mtoni. Sikumjibu hivyo. Nilimjibu "Amina", kwa mazoea, na neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa kambale mpaka leo.

Mzee mmoja wa halmashauri ya kigango aliniambia kwamba Mungu humjaribu anayempenda. Basi naomba anichukie kidogo, nipate nafuu. Mwingine alisema kila jambo lina sababu, akaondoka bila kuitaja. Ndugu Simoni alitoa hotuba kaburini kwamba marehemu ametuachia mfano wa kulinda mali ya umma, watu wakapiga makofi, wakakumbuka wako makaburini, wakanyamaza.

Aliyenifaa ni jirani yangu wa kushoto, mzee wa Kiislamu, ambaye alileta ugali na kisamvu, akakaa kwenye kigoda mpaka nikala, akachukua sahani yake akaenda. Hakusema kitu. Alifanya hivyo siku arobaini. Naandika hili ili lisije likasemwa kwamba namlalamikia kila mtu.

Na wewe, Padri. Sikatai kwamba ulipata taabu. Ulifika siku ya tisa, tope mpaka magotini, viatu umevishika mkononi. Ulisema kwamba kifo cha Yudith ni fumbo. Kisha uliponiona uso ukaniambia kwamba kumkasirikia Mungu ni dhambi na inafaa niungame. Niliungama. Ulinipa kitubio cha Baba Yetu tatu. Nachukua nafasi hii kukutaarifu kwamba kitubio hicho hakijakamilika. Naanza vizuri, nalitakasa jina lake, naukaribisha ufalme wake, halafu nafika panapohusu mapenzi yake, na hapo nasimama. Sentensi hiyo siitii saini. Nimejaribu kuiruka nikaendelea na mkate, lakini nimewafundisha watoto wengi mno kwamba sala hairukwi.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiseme tu kwamba Mungu hayupo, kama yule mwalimu wa shule ya msingi ya kata anayesoma vitabu vyekundu. Nimejaribu. Nilikaa nalo wiki nzima. Lakini huwezi kumkasirikia asiyekuwepo, na hasira yangu ipo, naiona asubuhi nikiamka, inaniamkia kabla sijavaa. Hiyo ndiyo adha ya imani, ya kwamba inaniachia mshtakiwa.

6. Kuhusu uongo ulioandikwa kwenye namba nne.

Nilitaka kuiacha barua iishie namba tano na maombi. Nimelala nayo, nimeamka, nimeona mlalamikaji naye lazima awe na mikono safi, la sivyo baraza litamcheka.

Niliandika kwamba sikumwona Yudith akiondoka. Si kweli.

Tulipofika mwinukoni watu walianza kulia, nami nikaanzisha Litania ya Watakatifu ili watulie. Nilikuwa nimefika katikati. Nasema jina la mtakatifu, watu wanaitikia. Yudith alikuja akasimama pembeni yangu, akanivuta shati. Akasema, "Makarius, sanduku la Padri limebaki." Hakuniita Mwalimu. Mimi nilinyanyua mkono, hivi, kama unavyomzuia mtu anayekukatisha kwenye mkutano. Yaani subiri. Niko na watakatifu.

Akasubiri kidogo. Nilisikia pumzi yake. Nikaendelea na mtakatifu mwingine na mwingine. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kushuka nusu ya mteremko, gauni amelikunja kiunoni, maji yakiwa bado chini ya magoti yake. Bado ningeweza kumwita. Sauti yangu ni kubwa, wewe mwenyewe huwa unasema ni kubwa kuliko kinanda. Nilifikiri, nikiiacha litania hapa watu watavunjika moyo. Nikasema jina lililofuata. Wakaitikia.

Sasa unielewe vizuri. Silalamiki kwamba Mungu hakunizuia nisiwe mjinga, kazi hiyo ni kubwa hata kwake. Nalalamika kwamba nilikuwa naongea naye. Wakati mke wangu anaingia majini mimi nilikuwa kwenye simu na ofisi yake, na watakatifu wote wako kwenye laini, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Makarius, hebu geuka." Neno moja. Ningekata simu.

7. Kuhusu kutojibiwa.

Tangu tumzike Yudith sisali. Badala yake kila asubuhi kabla ya kengele ya shamba naenda nyuma ya ghala la pamba, nasimama, namwambia Mungu ninachomfikiria. Sitaandika maneno yenyewe, maana barua hii huenda ikasomwa na masista. Nimekwenda asubuhi arobaini na tatu, ukiondoa Jumapili. Sijapata jibu, wala radi, wala hata homa.

Sironga alinikuta huko siku moja akipitisha ng'ombe. Alikuwa amesimama kwa muda, nami sikujua. Nilipomaliza aliniuliza nilikuwa namtukana nani. Nikaona aibu, nikamwambia ukweli.

"Kila siku?" akauliza.

Nikamwambia kila siku.

"Unamaliza unarudi, kesho unakuja tena?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba asidhani ni sala, ni matusi.

Sironga akafikiri, akasema baba yake na yeye waligombana juu ya ng'ombe wa mahari, wakakaa miaka mitatu bila kusemezana, na baba yake akafa katika ile miaka mitatu. "Afadhali wewe," akasema, akawapigia ng'ombe mluzi, akaenda zake.

Nilimdharau siku nzima. Mtu wa kulala na ndama atanifundisha mimi, mwenye cheti cha katekesi chenye muhuri. Jibu lake naliweka hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu, kwa sababu katika wote walioongea nami tangu Aprili, ni yeye peke yake ambaye hakumtetea Mungu wala hakunitetea mimi.

MAOMBI YANGU

Kutokana na hayo hapo juu, naomba kwa heshima kwamba:

(a) Mwenyezi Mungu aitwe mbele ya mkutano wa kijiji Jumamosi yoyote baada ya kazi ya shamba, ajieleze. Atapewa kiti. Hataulizwa kuhusu uumbaji, kwa kuwa wengine wana safari ya kurudi mbali. Ataulizwa kuhusu Ijumaa moja.

(b) Asipofika katika siku kumi na nne bila taarifa, afutwe katika orodha ya wanakijiji kama ambavyo angefutwa mwingine yeyote. Mimi nimepeleleza rekodi za kijiji. Tangu Septemba hajafika shamba la pamoja hata siku moja, hana jembe, na kiwanja chake cha kanisa hakijapaliliwa. Kiwanja hicho apewe Sironga afugie ndama, kwa kuwa wao walau walitafutwa walipopotea.

(c) Jina langu lifutwe katika daftari la ubatizo. Najua utasema alama ya ubatizo haifutiki. Hata wino wa madaftari ya sandukuni mto umeshindwa kuufuta, hilo tumelishuhudia kwa gharama yangu. Basi piga mstari juu yake, kwa rula, na uandike pembeni "ameondoka kwa hiari". Kazi ya ukatekista nimeiacha tangu leo. Kengele, karatasi za mafundisho na ufunguo wa kanisa nitamkabidhi utakayemtuma, ingawa ufunguo wa nyumba ya nyasi iliyochukuliwa na maji sijui atafungulia nini.

Nimeyasema haya bila kumtakia mtu ubaya. Wasalimie masista wote, hasa yule anayetibu meno. Msalimie mpishi wako na umwambie kwamba mbegu za mchicha alizompa marehemu zilichipua kabla ya maji. Wasalimie wanakwaya, na mzee wa mlangoni, na wote watakaouliza habari zangu. Wasiouliza pia wasalimie. Nakala ya barua hii nimempa Ndugu Simoni kwa taarifa. Mwenyezi Mungu sikumpelekea nakala, kwa vile barua zangu za awali anazo zote.

Aliyekuwa katekista wako, na ambaye hana kinyongo na wewe binafsi,

Makarius Mwinshehe

N.B. Tarehe 5 Juni. Baiskeli ya kuleta barua hii ilikatika mnyororo, kwa hiyo barua imebaki mezani kwangu siku tatu, na jana limetokea jambo ambalo sina budi kulitaarifu.

Saa nne asubuhi Magreti, yuleyule wa namba tano, alikuja kwangu mbio bila kilemba. Alisimama mlangoni akihema. Kisha akasema ni Costancia. Costancia ni binti yake wa mwisho, mimba yake ilikuwa haijatimiza miezi. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto halii. Nilimwambia Magreti kwamba mimi nimekwisha kujiuzulu, barua ile pale. Akaitazama barua. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Twende."

Nilikwenda. Mtoto alikuwa mdogo kama njiwa, amegeuka rangi ya zambarau, na mkunga alikuwa akimsugua mgongo bila kuinua macho. Niliomba maji, nikapewa kwenye bakuli. Niliuliza jina, hakuna aliyekuwa nalo, walikuwa hawajafika huko. Nikasema Bibiana. Sijui nililitoa wapi, sina ndugu wa jina hilo. Nikammiminia maji mara tatu na maneno yake. Mara ya tatu alipiga chafya, halafu akaanza kulia kwa sauti mbaya sana. Sidai muujiza. Mkunga alikuwa akifanya kazi yake wakati wote, na maji yalikuwa baridi.

Magreti aliketi chini pale pale. Akaanza kusema, "Mwalimu, yale maneno niliyokuambia..." nikamwambia ayaache. Nikaketi karibu naye, na sikumwambia lolote la kumfariji, na tukakaa hivyo mpaka mtoto akaanza kunyonya. Leo asubuhi nimepita, bado ananyonya.

Sasa, Padri, sheria ya Kanisa unaijua kuliko mimi. Katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, hata aliyeandika barua kama hii, ilimradi awe amenuia kile Kanisa linachonuia. Bila nia hiyo ni maji tu. Tangu jana najihoji, kwa sababu ubatizo wa mtoto wa watu unategemea jibu langu, na sitaki kukudanganya mara ya pili katika barua moja. Nimejiuliza kama ulikuwa mkono tu, wenye mazoea ya miaka kumi na tisa. Nimejiuliza kama nilimwonea Magreti huruma. Nimejiuliza kama nilifanya kwa kumkomoa Yeye, ili huyu naye asimchukue bure.

Malalamiko yote saba yabaki kama yalivyo, sifuti hata nukta. Lakini mtoto mwandike, na usiweke alama ya kuuliza mbele ya jina lake. Nilinuia.